Daraja Lisilojua Kusema Sijui

Mtaa wa Aggrey, pale Kariakoo, haukupangwa kwa ajili ya mzee mwenye goti bovu. Saa nne za asubuhi mikokoteni imeshajaa, vijana wanapita na maboksi vichwani wakipiga kelele za kuomba njia, na muuza chaji za simu ameweka spika yake mlangoni kana kwamba sisi sote ni viziwi. Hata hivyo, mwaka juzi nilikwenda huko siku tatu mfululizo, nikakalia kigoda cha plastiki katika kibanda cha fundi simu mmoja, na humo ndimo nilimofundishwa na mjukuu wangu jambo lililonirudisha nyuma karibu miaka thelathini, kwenye kosa nililolifanya nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu.

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu. Anasomea uhandisi wa elektroniki. Mama yake ana duka dogo la dawa, si mbali na Mnazi Mmoja, na ndani ya duka kuna friji anamohifadhi insulini za wagonjwa wa kisukari. Msomaji mwenye mgonjwa nyumbani anafahamu kwamba dawa hiyo, kabla haijaanza kutumika, hutakiwa ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto huharibika, ikiganda pia huharibika, na mara nyingi kwa macho huwezi kuitofautisha nzima na mbovu. Umeme wetu mnaufahamu. Kwa hiyo msichana, kwa kumwonea mama yake huruma, na pia (alikiri mwenyewe) kwa kutaka maksi nzuri za mradi wake wa chuo, akaunda kidude cha kupima ubaridi wa friji. Kilikuwa na betri yake, kipimajoto chake kwenye waya mwembamba, na kioo kidogo cha kuonyesha namba.

Wiki sita kidude kilifanya kazi bila kasoro. Kilionyesha 5, mara 4, mara 6, mara 5 tena. Kisha usiku wa Jumamosi moja umeme ukakatika, na uliporudi ukarudi kwa ghadhabu, ukaua friji na kipimajoto kwa pamoja. Jumapili duka lilifungwa. Jumatatu asubuhi binti yangu alifungua friji akakuta vichupa vina uvuguvugu kama maji ya ndoo iliyosahauliwa uani. Akainua macho. Kidude kilikuwa kinamwambia: 5.

Dawa zote ikabidi ziondolewe. Hakuna mgonjwa aliyedhurika, namshukuru Mungu, kwa sababu binti yangu alitumia mkono wake kabla hajaamini kioo. Lakini hasara ilikuwa kubwa kwa duka dogo kama lile, na mjukuu wangu alilia. Hakulia kwa sababu kidude kimekufa. Alilia kwa sababu hakikufa.

Hapo ndipo alipokibeba hadi Aggrey kwa yule fundi, rafiki yake, mwenye darubini na vifaa vya kulehemu vitu vidogo kama chawa, nami nikafuatana naye. Nilisema ninamsindikiza kwa usalama. Ukweli ni kwamba mstaafu hana kazi.

Fundi alibadilisha kipimajoto kwa dakika kumi. "Shikamoo Mwalimu, tumemaliza," akasema. Lakini mjukuu wangu akatikisa kichwa. Kipimajoto kimekufa, sawa, vitu hufa. Kwa nini hatukuambiwa? Akafungua kompyuta yake na kuanza kutafuta, na nilipomwuliza anatafuta nini, akanijibu, "Babu, ndani ya chipu kuna basi. Sasa nadhani mzigo ulipotea njiani."

Nilicheka. Nilimwambia basi ninazozijua mimi zinapita Msimbazi. Naye akanieleza, kwa subira ambayo natumaini aliirithi kwangu, kwamba neno ni lile lile: basi la abiria na basi la ndani ya chipu yote mawili yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote". Ndani ya chipu kuna mtambo mmoja unaofikiri, na kuuzunguka kuna vifaa vingi vya pembeni: saa, kihesabu muda, mlango wa kutolea maandishi, kizungumzaji na kipimajoto. Kila kimoja hakiwezi kuvutiwa nyaya zake peke yake hadi kwenye mtambo. Kwa hiyo huwekwa njia moja ya wote, na kila kifaa hupewa anwani yake kama nyumba za mtaa mmoja.

Njia za namna hiyo zina kanuni zake, na kanuni zina historia. Kampuni ya ARM ilianzishwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1990. Mwaka 1996 ikatoa kanuni za njia za ndani ya chipu, ikaziita AMBA, na ikaziacha wazi zitumiwe na wengine. Ndiyo sababu zimeenea hivyo; Nokia 6110 ya mwaka 1997, ambayo baadhi yenu mliibeba kiunoni kama bastola, ilikuwa na mtambo wa ARM ndani yake, na simu nyingi mno zilizopangwa katika vioo vya Aggrey leo ni za ukoo huo huo. Miongoni mwa kanuni hizo ipo moja ya vifaa vya pembeni, visivyo na haraka, iitwayo APB. Makusudi yake yalikuwa iwe rahisi, isile umeme mwingi, na mtu aweze kuielewa kwa mchana mmoja.

Katika toleo la zamani la APB, mazungumzo huchukua mapigo mawili ya saa ya chipu. Pigo la kwanza, mkubwa anataja anwani na kifaa kinasimama. Pigo la pili, kitu kinatolewa au kinapokelewa. Imekwisha. Kifaa hakina waya wa kusema "subiri kidogo", wala hakina waya wa kusema "samahani, nimeshindwa". Kikiulizwa, lazima kijibu katika pigo hilo hilo, kiwe kinajua au hakijui.

Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo, lakini nitaeleza baadaye kwa nini.

Mwaka 2003, katika kizazi cha tatu cha AMBA, wahandisi wakaongeza nyaya mbili. Mmoja unasema "niko tayari", na usiposema hivyo, mkubwa hungoja. Wa pili unasema "pana kosa". Mwaka 2010 wakaongeza nyaya nyingine: za kueleza ni baiti ipi kati ya nne inayoandikwa, na za kueleza anayeomba ana ruhusa gani. Mwaka 2021 likaja toleo la tano, lenye namna ya kuamsha kifaa kilicholala na kukagua kama nyaya zenyewe zimedanganya. Hakuna anayetupa ya zamani kila ipya inapotoka. Sakiti iliyojaribiwa miaka kumi ikaonekana haina kosa ni mali, na mwenye mali haitupi kwa sababu jirani ameongeza waya. Matokeo yake, ndani ya chipu moja, yenye ukubwa wa ukucha, wanaishi wazee wa mapigo mawili na vijana wa nyaya nyingi, na kati yao lazima pawekwe daraja.

Upande mmoja wa daraja ni mwepisi. Mkubwa akiwa wa kanuni mpya na kifaa kikiwa cha zamani, unachukua ule waya wa "niko tayari" unaufunga uwe unasema ndiyo daima, na ule wa "pana kosa" unaufunga uwe unasema hapana daima. Kifaa cha zamani kweli huwa tayari daima, kwa hiyo hujamsingizia. Kikwazo kipo kwenye zile baiti nne. Mjukuu wangu alinieleza kwa mfano wa rejista ya mahudhurio, akijua nitaelewa: kanuni mpya inaruhusu kusahihisha alama ya mwanafunzi mmoja katika mstari wa wanafunzi wanne, ya zamani inajua kuandika mstari mzima tu. Ukimpa karani wa zamani alama moja bila maelezo, ataandika mstari mzima na wale watatu wengine watapata takataka. Daraja la busara husoma mstari wa zamani kwanza, hubadilisha alama moja, kisha huandika wote upya. Hata hilo lina hatari, maana viko vifaa ambavyo kule kusomwa tu hufuta kilichoandikwa. Katika hali hiyo afadhali daraja likatae kazi waziwazi.

Upande wa pili ndio mgumu, na ndio uliotuua. Kidude cha mjukuu wangu kilikuwa na mtambo wa kanuni ya kale, aliopewa na mwalimu wake na alioufahamu vizuri. Sakiti ya kuzungumza na kipimajoto ilikuwa ya kanuni mpya, ameichukua kwa wahandisi wanaogawa kazi zao bure. Kipimajoto ni mzee wa polepole. Kupima humchukua muda mrefu sana kwa saa ya chipu. Kijana wa kanuni mpya husema "ngoja", lakini mtambo wa kale haujui kungoja. Kwa hiyo mjukuu wangu alijenga daraja lenye sanduku: kipimo cha mwisho kinawekwa sandukuni, na mtambo ukiuliza, unapewa kilichomo papo hapo. Jambo la akili kabisa. Na ule waya wa kosa? Mtambo wa kale hauna mahali pa kuuchomeka. Akauacha ukining'inia.

Usiku ule wa Jumamosi kipimajoto kilipokufa, sakiti mpya ilipiga kelele kila ilipoulizwa: pana kosa, pana kosa, pana kosa. Waya ulikuwa haufiki popote. Sanduku likabaki na namba yake ya mwisho, na kila mtambo ulipouliza hali, daraja likajibu kwa adabu: 5.

Siku ile ya kwanza tulitembea kutoka Aggrey hadi Stesheni, kwa sababu alitaka hewa na mimi nilitaka kumwonyesha kitu. Njiani nilimkumbusha kwamba eneo lile lote limepewa jina na wapagazi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, kikosi chao cha wachukuzi, Carrier Corps, kiliweka kambi huko, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita pale ambapo reli na magari havikufika. Maelfu hawakurudi makwao. Soko lenyewe tulilolizoea, lile la paa la vikombe vya zege alilolibuni msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Naona nimepotea njia kidogo, lakini mtu hawezi kupita Kariakoo bila kusema hayo.

Nilichotaka kumwonyesha ni reli. Dar es Salaam ni mji wenye reli za vipimo vitatu, na sijui miji mingi duniani yenye bahati au balaa hiyo. Ya kwanza ni ya Wajerumani, walioanza kuijenga hapa mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Upana kati ya reli moja na nyingine ni milimita 1,000, mita kamili, sawa na reli ya Waingereza iliyotoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Ya pili ni TAZARA. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970 kwa msaada wa Wachina, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Upana wake ni milimita 1,067, kwa sababu Zambia ilikuwa imeunganishwa na reli za kusini, na za kusini zote zilikuwa za kipimo hicho. Tulitaka kuwatoa Wazambia kwenye mikono ya makaburu na Ian Smith, lakini mabehewa yao tayari yalikuwa na magurudumu ya huko. Ya tatu ni hii mpya ya umeme, ya milimita 1,435, iliyoanza kuchukua abiria hadi Morogoro Juni 2024.

Msomaji aangalie namba mbili za kwanza. Tofauti ni milimita 67. Upana wa vidole vinne vya mkono wangu. Mtu atasema, si uongeze reli ya tatu pembeni, treni zote zipite? Hilo lafanyika duniani pale tofauti inapokuwa kubwa. Lakini kitako cha reli, ile sehemu bapa inayokaa juu ya taruma, ni kipana kuliko milimita 67. Reli ya tatu haina mahali pa kukaa; vitako vitagongana. Itabidi uweke reli nne. Mara nyingi nimewaambia walimu wangu kwamba tofauti ndogo husumbua kuliko kubwa, na walidhani ninatoa nahau, kumbe nilikuwa nafikiria mataruma.

Reli hizi mbili zinakaribiana Kidatu, chini ya milima ya Udzungwa. Tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa lilifika hapo katika miaka ya 1960, karibu na mashamba ya miwa ya Kilombero, na TAZARA ikaja ikapita. Zaidi ya miaka ishirini reli hizo zilikaa jirani kama ndugu waliogombana. Mwaka 1998 ndipo ulipofunguliwa uwanja wa kuhamishia mizigo: treni ya kipimo kimoja inasimama upande huu, ya kipimo kingine upande ule, na makontena yanahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Nilipita huko mwaka 1999 nilipokwenda kumtembelea ndugu yangu. Sikuona jambo la ajabu. Nilichokiona ni uwanja, na karani mwenye ubao na kalamu, akihesabu. Kontena likitua, anaandika. Likiwa limevunjika lakiri, anaandika hilo pia, na karatasi inaondoka na mzigo.

"Huyo karani," mjukuu wangu akasema, tumesimama nje ya stesheni, "ndiye niliyemsahau."

Sasa nifike nilipotaka kufika, maana naona nimezunguka kama mtu asiyetaka kuingia ofisini.

Katika lugha yetu daraja ni la kuvukia mto, na daraja pia ni cheo cha mwalimu. Mwaka 1974, huko Musoma, chama kiliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe darasani. Walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, wakafundishwa kazi huku wanafundisha, vijijini, kwa barua na redio na waratibu wapanda baiskeli. Tuliwaita walimu wa UPE, na wengine wetu tuliokaa vyuoni tuliwacheka. Bila wao watoto wa taifa hili wasingejua kusoma. Nasema hivyo leo. Sikumbuki kama nililisema kwa sauti wakati ule.

Katikati ya miaka ya 1990 walimu hao, sasa ni watu wazima wenye familia, waliletwa vyuoni wapandishwe daraja. Chuoni kwangu walikuja wengi kuliko vitanda. Mihtasari ilikuwa mipya, muda ulikuwa mfupi, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu. Nilitoa agizo kwamba hakuna mkufunzi atakayerudia mada. Kila Ijumaa wakufunzi waliniletea taarifa, na kila taarifa ilisema hali ni shwari, mada zimekamilika. Nilipita madarasani mwenyewe. Nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likajibu, "Ndiyo, Mkuu." Nikaenda zangu nimeridhika. Nilijivunia agizo lile. Nililieleza hata katika hotuba.

Katika mazoezi ya kufundisha nilikwenda kumkagua mmoja wao katika shule ya msingi ya jirani. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kuliko wangu. Somo lilikuwa hesabu, darasa la nne. Akaandika nusu kujumlisha theluthi. Akajumlisha namba za juu, akajumlisha za chini, akapata mbili ya tano. Watoto wakanakili. Akatoa mfano mwingine, akafanya vile vile, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefanya alilolifanya mara elfu. Na kweli alikuwa ameshalifanya mara elfu. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minane.

Nilimwita ofisini. Sikumpigia kelele mbele ya watoto, hilo angalau naweza kujisifia. Lakini ofisini nilimfokea. Nilimwuliza: mada hii ilifundishwa hapa chuoni wiki ya tatu, mimi mwenyewe nilisimama mlangoni nikauliza kama mmeelewa, na wewe ukasema ndiyo. Kwa nini hukusema huelewi?

Akatazama sakafu. Kisha akasema, pole pole, "Mkuu, hapakuwa na mahali pa kusemea."

Niliona ni utovu wa adabu. Nilimwandikia alama ya chini, akarudi kijijini kwake bila kupandishwa daraja, na sikumfuatilia. Agizo langu liliendelea hadi nilipohamishwa.

Ndiyo maana nilinyamaza kwenye kile kigoda pale Aggrey. Kifaa kikiulizwa, lazima kijibu katika pigo hilo hilo, kiwe kinajua au hakijui. Mjukuu wangu alidhani nimechoka, akaniagizia chai.

Siku ya pili na ya tatu alikuwa akirekebisha daraja. Chipu aliyoitumia ni ya aina inayoweza kuandikwa upya mara nyingi, kwa hiyo hakuhitaji kununua nyingine. Alihitaji kufikiri tu. Mtambo wa kale hakuugusa. Haukuwa na kosa. Ulikuwa unafuata kanuni uliyolelewa nayo, na kuulaumu kwa kukosa waya ambao haukupewa ni upuuzi. Alichofanya ni kuongeza anwani mpya kwenye mtaa. Pale kwenye anwani ile aliweka sanduku la pili, na ule waya wa kosa uliokuwa ukining'inia akauleta hapo. Kosa likitokea, alama inawekwa sandukuni na haifutiki yenyewe. Aliweka pia kihesabu kinachoeleza kipimo cha sanduku la kwanza kina umri gani. Halafu akabadilisha programu: kabla mtambo haujaamini namba ya kwanza, uende kwanza ukasome sanduku la pili, kwa yale yale mapigo mawili uliyoyazoea.

Fundi alimwuliza kwa nini asinunue tu kidude cha Kichina kilichokamilika, kinauzwa mtaa wa pili, bei si mbaya. Swali zuri. Mjukuu wangu alimjibu kwamba atakinunua siku atakayoonyeshwa kikifanya nini kipimajoto chake kikikatwa. Fundi akacheka, akamtuma kijana akaazime kimoja kwa jirani, wakachomoa waya wake. Sitaandika kilionyesha nini, kwa sababu mwenye duka ni jirani wa watu na anahitaji kuuza.

Jioni ya siku ya tatu tulikibeba hadi dukani kwa binti yangu. Friji ilikuwa imeshapata mashine mpya, nusu kwa mkopo. Mjukuu wangu alifunga kidude mahali pake, kikaonyesha 6, baada ya muda 5. Binti yangu alikitazama kama mtu anavyomtazama shemeji aliyewahi kumkopa.

"Babu," mjukuu akaniambia, "chomoa wewe."

Nikainama, kwa tabu kidogo, nikaushika waya wa kipimajoto na kuuvuta. Kioo kilikaa na namba 5 kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha namba ikatoka. Mahali pake yakaja maandishi, herufi kubwa, aliyoyachagua mwenyewe bila kuniuliza: SIJUI. Na kengele ndogo ikaanza kulia.

Binti yangu akasema kelele hiyo itawafukuza wateja. Mimi niliuacha waya mkononi kwa muda, nikiisikiliza, nikijaribu kulikumbuka jina la yule mwalimu. Kijiji chake nilikikumbuka. Jina lilinijia usiku, na asubuhi yake niliandika barua.